Korem, Machi 1936: uchunguzi wa gesi ya sumu uliofia mezani

Tarehe 17 Machi 1936 ndege ndogo ya Msalaba Mwekundu ilitua kwenye uwanda wa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, si mbali na Ziwa Ashenge. Alama ya msalaba ilikuwa imechorwa juu yake, kubwa, ya kuonekana kutoka angani. Rubani alikuwa Msweden, Carl Gustaf von Rosen. Abiria wake alikuwa daktari kijana wa Uswisi, Marcel Junod, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu yenye makao yake Geneva. Ndege za Italia, iliyokuwa imeivamia Ethiopia, ziliikuta pale chini na kuiharibu kabisa. Wenyewe walisalimika.

Junod alikwenda kwenye pango ambamo Mfalme Haile Selassie alikuwa ameweka makao yake ya vita. Njiani aliona wanaume wamelala chini ya miti, wengi mno. Kwa mbali mtu angedhani ni askari waliojipumzisha kivulini. Alipowakaribia akaona miguu imeungua na kutoa usaha, mikono imebambuka ngozi, na wengine roho zi mlangoni. Walikuwa wakiita neno moja, "abiet, abiet", kilio cha Kiamhari cha kuomba huruma. Hapakuwa na dawa ya kuwapa wote. Junod ameyaeleza haya kwa kalamu yake mwenyewe katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1947, miaka 11 baada ya kuyaona.

Ni hiyo miaka 11 iliyonifanya nikichague kisa hiki. Tunapozungumzia uchunguzi wa silaha za kemikali siku hizi, tunataja Syria na Iraki, tunataja maabara na sampuli za damu. Lakini kisa kinachonifundisha zaidi kimo humu humu Afrika Mashariki, katika nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, na ndani yake ushahidi haukukosekana hata kidogo. Waliougua walikuwepo, madaktari walikuwepo, vipande vya mabomu vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyekubali kuupokea huo ushahidi na kuuweka mezani wakati ungali na faida.

Tuanze na sheria. Itifaki ya Geneva ya tarehe 17 Juni 1925 ilipiga marufuku matumizi ya gesi za sumu vitani. Italia iliiridhia mwaka 1928, na Ethiopia ikajiunga mwaka 1935, vita vikiwa vimeshanusa mlangoni. Kwa hiyo pande zote mbili zilifungwa na marufuku hiyo. Ila soma itifaki yenyewe, ni fupi, utaona kitu kimoja hakimo: haisemi nani atachunguza pale mmoja atakapomlalamikia mwenzake. Hakuna ofisi iliyotajwa, hakuna wakaguzi wala muda wa kujibu. Ni katazo lisilo na askari wa zamu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu yote yaliyofuata yalipenya kwenye tundu hilo.

Majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea tarehe 3 Oktoba 1935, bila kutangaza vita. Siku chache baadaye Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ambalo Ethiopia na Italia zote zilikuwa wanachama, lilisema wazi kwamba Italia ndiyo iliyovamia. Vikwazo vya uchumi vikaanza tarehe 18 Novemba. Mafuta hayakuwekwa kwenye orodha. Mfereji wa Suez haukufungwa. Meli za Italia ziliendelea kupita pale na shehena zao hadi bandari ya Massawa huko Eritrea, na ndani ya shehena hizo mlikuwa na gesi.

Mwezi Desemba vikosi vya Ras Imru, mmoja wa makamanda wa Ethiopia, vilikuwa vikiwasukuma Waitaliano kurudi nyuma upande wa mto Takaze. Tarehe 23 ndege zilikuja, na safari hii zilichodondosha hakikulipuka kama mabomu waliyoyazoea. Baadaye Ras Imru alisimulia kwamba yalikuwa kama mapipa, yakipasuka na kumwaga maji yasiyo na rangi. Waliorushiwa walianza kulia kwa maumivu, mikono, miguu na nyuso zikiota malengelenge. Wengine walikimbilia mtoni kunywa na kujiosha, na mto nao ulikuwa umeshapata sehemu yake.

Maji yale yalikuwa gesi ya haradali. Jina la gesi linapotosha, kwa sababu katika joto la kawaida ni kimiminika kizito kama mafuta. Ukali wake umo katika ukimya wake. Mtu akiguswa nacho huweza asisikie chochote kwa saa kadhaa. Halafu macho yanaanza kuwasha na kuvimba, ngozi inakuwa nyekundu, na malengelenge yanatokea hasa pale penye jasho: kwapani, mapajani, kati ya vidole. Aliyevuta mvuke wake huharibika koo na mapafu. Na hakiondoki upesi. Hubaki juu ya majani na udongo, kikimsubiri apitaye. Sasa fikiria jeshi la wakulima, wengi wao wakitembea peku, wakikatiza kwenye nyasi zilizolowa. Fikiria nyumbu wao na ng'ombe wa wanakijiji wakilishwa kwenye nyasi hizo hizo.

Bomu lililotumika zaidi Waitaliano waliliita C.500.T. Lilibeba zaidi ya kilo 200 za haradali na lilitegeshwa lipasuke likiwa bado hewani, yapata mita 250 juu ya ardhi, ili kilichomo kimwagike kama mvua. Maelezo haya yanasaidia kutatua ubishi mmoja wa kitaalamu. Haile Selassie na mashahidi wengine walisema ndege zilinyunyiza gesi moja kwa moja kama mtu anyunyizavyo dawa shambani. Nyaraka za jeshi la Italia zinazungumzia zaidi mabomu. Je, mashahidi walidanganya? Mimi sioni hivyo. Aliyesimama chini ya bomu linalopasuka angani, akanyeshewa matone ya mafuta, atasema amenyunyiziwa, na atakuwa amesema alichokiona. Mchunguzi mzuri hulipima neno la shahidi kwa kujua shahidi alikuwa amesimama wapi.

Tarehe 30 Desemba 1935 ilileta jambo lililozishtua hata nchi zilizokuwa zikiangalia pembeni. Ndege za Jenerali Rodolfo Graziani, aliyekuwa akipigana kutokea Somalia ya Italia, zilishambulia hospitali ya hema ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Melka Dida, kando ya mto Ganale. Ni mto ule unaokutana na Dawa pale Dolo, jirani na Mandera, kisha ukaitwa Juba. Wagonjwa wengi waliuawa kitandani na Msweden mmoja akafa kwa majeraha. Siku hiyo hiyo serikali ya Ethiopia ililalamika rasmi kwa Shirikisho la Mataifa kuhusu matumizi ya gesi.

Malalamiko yalikuwa sasa mawili, na hapa ndipo mkanganyiko wa kisheria ulipoanza kumlinda mkosaji. Kupiga hospitali kuliangukia chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu majeruhi. Mkataba huo, katika kifungu cha 30, uliruhusu uchunguzi ufanyike upande mmoja ukiomba, lakini kwa namna itakayokubaliwa na pande zinazohusika. Maana yake anayetuhumiwa akae meza moja na anayemtuhumu wakubaliane jinsi ya kumchunguza yeye mwenyewe. Gesi nayo iliangukia chini ya itifaki ya 1925, ambayo, kama nilivyosema, haikuwa na njia yoyote ya uchunguzi.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilijitolea kuratibu uchunguzi kuhusu hospitali zilizopigwa. Rais wake, Max Huber, mwanasheria mwenye heshima kubwa, alifunga safari na wenzake hadi Roma mwishoni mwa Machi 1936 kuonana na wakubwa wa huko. Mussolini, mtawala wa Italia, hakukataa. Kukataa kungemgharimu. Alichofanya ni kuuliza maswali ya utaratibu, kudai na Ethiopia ichunguzwe kwa kutumia vibaya alama ya msalaba na kwa risasi zilizopigwa marufuku, na kuacha siku zipite. Majeshi yake yalikuwa yakisonga mbele. Kila wiki ya barua ilikuwa wiki moja ya barabara kuelekea Addis Ababa.

Wakati huo huo ushahidi ulikuwa ukirundikana. Pale Korem palikuwa na kikosi cha madaktari Waingereza kilichoongozwa na Dakta John Melly. Tarehe 4 Machi hema zao zilipigwa mabomu, na walipohamia sehemu nyingine waliendelea kuwatibu watu waliounguzwa, wakiwemo wanawake na watoto. Miongoni mwao alikuwemo Dakta John Macfie, aliyeandika waziwazi kuhusu majeraha aliyoyaona. Hawa hawakuwa Waethiopia waliokuwa wakiitetea nchi yao. Walikuwa madaktari wa nchi isiyo vitani, wenye uwezo wa kutofautisha kuungua kwa moto na kuungua kwa kemikali. Na pembeni yao alikuwepo Junod, mjumbe wa taasisi ambayo Februari 1918, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa imetoa wito kwa dunia nzima kulaani gesi za sumu.

Mwezi Aprili suala lilifika mbele ya Kamati ya Kumi na Tatu, yaani Baraza la Shirikisho la Mataifa likikaa bila Italia, chini ya mwenyekiti wake Salvador de Madariaga wa Hispania. Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alilitaja jambo la gesi. Wanasheria wakaulizwa kama kamati ina mamlaka ya kuchunguza. Kisha kamati ikafanya jambo la maana, pengine la maana kuliko yote katika kisa hiki: iliiomba Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iipatie habari ilizokuwa nazo.

Jibu lilikuwa hapana. Kamati ya Msalaba Mwekundu ilieleza kwamba wajibu wake wa kutoegemea upande wowote unaitaka iwe na usiri mkubwa, na kwamba haiwezi kukabidhi taarifa za wajumbe wake kwa chombo cha kisiasa.

Nimelipima jibu hili mara nyingi, na sitaki kuwaonea waliolitoa. Hoja ya kutoegemea upande ina uzito wake. Mjumbe anayejulikana kwamba kesho atakwenda kutoa ushahidi, leo hataruhusiwa kuingia kambini, na majeruhi ndiye atakayeumia. Msalaba Mwekundu hadi leo hufanya kazi zake nyingi kimya kimya kwa sababu hiyo, na watu wengi wanaishi kwa ajili ya ukimya huo. Lakini hoja hiyo ina nguvu pale ukimya unaponunua kitu. Aprili 1936 ulinunua nini? Ndege ya msalaba ilikuwa imeshaharibiwa. Hospitali zilikuwa zimeshapigwa. Haradali ilikuwa imeshamwagwa. Upande wa kaskazini jeshi la Mfalme lilikuwa limeshavunjika Maychew tarehe 31 Machi. Waliokuwa chini ya miti ya Korem hawakupata chochote kutokana na usiri ule, na Roma ilipata kila kitu.

Italia ilijitetea kwa njia tatu, na zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Kwanza ilikana kabisa. Pili, picha za majeruhi zilipoanza kusambaa Ulaya, ikadaiwa kwamba wale ni wagonjwa wa ukoma. Tatu, ikasema kwamba hata kama kuna kilichotokea, ni haki yake kulipiza kisasi kwa ukatili wa Waethiopia, hasa kuuawa kwa rubani Tito Minniti tarehe 26 Desemba 1935, anayesemekana kukatwa kichwa baada ya kutekwa.

Hoja hii ya tatu ndiyo yenye sura ya kisheria, basi tuiangalie kwa tarehe. Minniti aliuawa Desemba 26. Takaze ilimwagiwa Desemba 23. Kuna zaidi. Telegramu za Mussolini, zilizochapishwa na wanahistoria miongo kadhaa baadaye, zinaonyesha kwamba alimruhusu Graziani kutumia gesi, kama njia ya mwisho, tarehe 27 Oktoba 1935. Hiyo ni karibu miezi miwili kabla ya kifo cha rubani. Tarehe 28 Desemba akampa Badoglio, kamanda wa kaskazini, ruhusa ya kutumia gesi yoyote hata kwa kiwango kikubwa. Kisasi hakitangulii kosa kinacholilipiza. Mchunguzi mwenye kalenda tu, bila maabara, angeimaliza hoja hiyo kwa dakika tano.

Katika mlolongo huo wa telegramu ipo moja inayoniuma kuliko zote. Tarehe 5 Januari 1936 Mussolini alimwamuru Badoglio asimamishe matumizi ya gesi kwa muda, kwa sababu ya vikao vilivyokuwa vikiendelea Geneva. Siku chache baadaye ruhusa ikarudi. Soma hapo pole pole. Mtu aliyedharau Shirikisho la Mataifa hadharani alifunga bomba la sumu, hata kama ni kwa siku chache, kwa kuhofia tu kwamba Geneva ingeangalia. Aliogopa macho. Wanaosema kwamba uchunguzi wa 1936 usingebadilisha kitu kwa kuwa Mussolini hakujali neno la mtu, hawajaiona telegramu hiyo. Kama wakaguzi watatu tu wangetumwa Januari na chupa za kubebea udongo, wakapiga kambi katika mji wa Dessie, sidhani kwamba Korem ingekuwa vile ilivyokuwa Machi.

Sisemi hivyo kwa kuota. Njia ilikuwepo, ilikosa mtu wa kuipita. Machi 1984, Iran ilipolalamika kwamba Iraki inawapiga askari wake kwa kemikali, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Javier Pérez de Cuéllar, aliwatuma wataalamu wanne. Walikwenda, wakawaona wagonjwa, wakachukua sampuli kwenye bomu ambalo halikulipuka, wakarudi na jibu: haradali na tabun, sumu inayoshambulia neva. Hawakungoja Iraki ikubali utaratibu. Ripoti yao nayo ilikuwa na upungufu, kwani haikumtaja aliyelirusha bomu, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuna kilichorushwa.

Turudi 1936. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei. Dakta Melly alipigwa risasi katika ghasia za siku hizo akiwa kazini, akafa. Italia ikatangaza kwamba Ethiopia imekwisha, na kwa kuwa "pande zinazohusika" sasa zimebaki upande mmoja, uchunguzi wa kifungu cha 30 ukakosa mlalamikaji. Kamati ya Msalaba Mwekundu ikaliacha faili.

Tarehe 30 Juni Haile Selassie alisimama mbele ya wajumbe wa Shirikisho la Mataifa Geneva. Waandishi wa habari wa Kitaliano walimzomea na kumpigia miluzi hadi wakatolewa nje. Palipotulia, alizungumza kwa Kiamhari, na sehemu kubwa ya mwanzo wa hotuba yake haikuwa siasa. Ilikuwa taarifa ya tukio, kama mtu anayeandikisha maelezo kituoni: ndege zilikuja kwa makundi ya tisa, kumi na tano, kumi na nane, zikifuatana, askari, wanawake, watoto, mifugo, mito na malisho vililoweshwa. Mfalme alikuwa ameifanya kazi ambayo kamati mbili zilishindwa kuifanya. Siku chache baadaye, mwezi Julai, vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa.

Mashahidi hawakutoweka. Waethiopia walioikimbia nchi yao upande wa kusini walivuka kuingia Kenya, na serikali ya kikoloni ikawaweka kambini Isiolo, kisha wengi wakahamishiwa Taveta. Kulikuwa na watu waliopigana mbele ya Graziani, waliokuwa na makovu mwilini, wakila posho ya mkimbizi safari ya siku moja tu kutoka Mombasa. Wanajeshi wa Afrika Mashariki waliovuka mpaka mwaka 1941 kuwaondoa Waitaliano walipita kwenye ardhi ambayo watu hao waliijua kwa majina ya visima.

Baada ya vita Ethiopia iliwasilisha majina mbele ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uhalifu wa Kivita. Mwaka 1948 tume hiyo ilikubali kwamba Waitaliano kadhaa, wakiwemo Badoglio na Graziani, wana kesi ya kujibu. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia iwakabidhi watuhumiwa wa namna hiyo. Hakukabidhiwa hata mmoja. Badoglio alikufa kwa amani mwaka 1956 kijijini kwake. Graziani alihukumiwa Italia, lakini kwa kushirikiana na Wajerumani, na kifungo chake cha miaka 19 kilimalizika ndani ya miezi michache. Kuhusu Ethiopia hakuulizwa na mahakama yoyote.

Ndani ya Italia kukana kuliendelea. Mwanahistoria Angelo Del Boca alitukanwa kwa miaka mingi na askari wa zamani na waandishi wenye majina makubwa kwa sababu alichapisha nyaraka. Ilikuwa hadi Februari 1996 ndipo Waziri wa Ulinzi, Jenerali Domenico Corcione, alipolithibitishia bunge kwamba mabomu na makombora ya gesi yalitumika Ethiopia. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu Korem.

Na gesi haikuishia kwenye vita vya 1935 na 1936. Aprili 1939, wakati Italia ikijinasibu kwamba imeshaleta amani, wapiganaji wa upinzani na familia zao walijificha katika pango kubwa huko Zeret, kaskazini mwa Shewa. Kikosi cha kemikali cha Italia kiliushambulia mlango wa pango kwa haradali na arsini, gesi nyingine ya sumu. Waliotoka walipigwa risasi. Nyaraka za operesheni hiyo zilikaa kwenye makabati ya jeshi mpaka mtafiti Mwitaliano, Matteo Dominioni, alipozikuta, akaenda mwenyewe Ethiopia mwaka 2006. Wenyeji hawakuwa wamesahau. Walimwonyesha njia. Ndani ya pango mifupa ilikuwa bado imelala palepale.